Mwisho wa Reli na Ufunguo Malaya

Wasomaji wangu, leo mnivumilie kidogo. Nitaongea mambo ya kompyuta, lakini msikimbie. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta. Ila katika kazi hii nimejifunza kitu kimoja: mambo ambayo wataalamu hutuambia "hayo tuachieni wenyewe" ndiyo mara nyingi yanayokuja kutuumiza sisi ambao hatukuulizwa. La leo ni la aina hiyo. Ni swali dogo tu: ile programu inayoendesha kompyuta nyingi ndani ya kompyuta moja, inafanya kazi kwa jina la nani?

Twende polepole. Siku hizi ofisi ikinunua seva moja yenye nguvu haiitumii kwa kazi moja. Inaigawa. Ndani ya kile chuma kimoja zinaundwa kompyuta nyingine ambazo huwezi kuzigusa kwa mkono, ndiyo maana tunaziita kompyuta pepe, kama tunavyosema barua pepe. Kila moja inajiona ina diski yake, kumbukumbu yake na kadi yake ya mtandao. Moja inatunza hesabu, nyingine tovuti, nyingine mishahara. Ile seva yenyewe huitwa mwenyeji, na zile za ndani huitwa wageni. Programu za kazi hiyo ziko nyingi: VMware ilitoa yake ya kwanza mwaka 1999, Xen ikaja 2003, halafu 2007 KVM ikaingizwa ndani ya Linux yenyewe, ikishirikiana na programu nyingine iitwayo QEMU. Hizi mbili za mwisho ni za bure, kwa hiyo ndizo zinazoipendeza mifuko yetu.

Sasa mtu wa Kigoma yanamhusu nini haya? Yanamhusu kuliko mtu wa Dar, nakwambia.

Sisi ni mwisho wa reli. Mzigo kutoka Dar es Salaam mpaka hapa unasafiri zaidi ya kilomita 1,200. Umeme nao, hadi mwaka 2022 tulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa, ulikuwa unatoka kwenye majenereta ya mafuta. Katika mazingira hayo nani atanunua seva tano, betri tano na viyoyozi vitano? Hakuna. Unanunua moja, unaigawa, maisha yanaendelea. Ni akili nzuri kabisa, sipingi.

Lakini hebu tazama kilichotokea hapo. Chuo kimepakia matokeo ya wanafunzi, chama cha akiba na mikopo kimepakia vitabu vya wanachama wake, zahanati imepakia mafaili ya wagonjwa, na kila mmoja kwa upande wake kaweka vyote kwenye mtumbwi mmoja. Mtu yeyote wa Kibirizi au Katonga anajua kwamba ukipakia watoto, fedha na magunia ya dagaa kwenye chombo kimoja, unauliza maswali mengi zaidi kabla ya kuondoka, si machache zaidi. Na mojawapo ya maswali hayo ndilo ninalouliza leo.

Kila programu inayotembea kwenye kompyuta inatembea kwa jina la akaunti fulani. Inachoweza kufanya programu ni kile tu kinachoruhusiwa kwa akaunti hiyo. Kwenye Linux kuna akaunti moja iitwayo root, ambayo haina mlango usioufungua. Inasoma kila faili, inafuta kila faili, inaunda na kuua akaunti nyingine. Mafundi vitasa wana jina la kitu kama hicho: ufunguo malaya. Msicheke, ndivyo unavyoitwa.

Basi chukua ile programu inayoendesha wageni, iendeshe kwa root. Umempa ufunguo malaya mhudumu ambaye kazi yake kutwa nzima ni kukaa mlangoni na kuzungumza na wageni usiowajua.

Utasema, lakini si kuna ukuta kati ya mgeni na mwenyeji? Ndiyo, upo. Ila ukuta huo umejengwa na binadamu. Programu kama QEMU inafanya kazi ya kujifanya. Inajifanya kibodi, inajifanya diski, inajifanya kadi ya mtandao, ili mgeni aamini yuko kwenye kompyuta ya kweli. Kujifanya kote huko kunahitaji maelfu kwa maelfu ya mistari ya maelekezo, na penye mistari mingi hapakosi kosa. Mtu aliyemteka mgeni akilipata kosa hilo, anatoboa ukuta na kuingia ndani ya programu yenyewe. Kuanzia hapo ana mamlaka yale yale ya akaunti inayoiendesha. Hayapungui, hayazidi.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2009 mtafiti Kostya Kortchinsky alionyesha jinsi ya kutoka ndani ya mgeni wa VMware na kufika kwa mwenyeji, kwa kupitia kosa kwenye kifaa cha kuonyesha picha. Mei 2015 Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike akatangaza kosa lililopewa jina VENOM. Hilo ndilo linanichekesha na kuniliza kwa pamoja. Lilikuwa kwenye sehemu ya QEMU inayojifanya kifaa cha kusomea flopi. Flopi jamani! Mwaka 2015! Kosa lilikuwa limekaa humo tangu 2004, miaka kumi na moja, na lilizigusa Xen na KVM kwa sababu zote zilikuwa zikitumia sehemu hiyo ya QEMU. Tena hata aliyekuwa ameizima flopi kwenye mipangilio yake hakupona, maana ile sehemu yenye kosa ilikuwa bado inafikika.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni anakuja, mwenyeji anaumwa.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: usipange usalama wako kwa kuamini ukuta hautatoboka. Panga kwa kuamini kwamba siku moja utatoboka. Na hapo sisi watu wa Kigoma tuna mwalimu bandarini kwetu. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa na kuletwa hapa kwenye makreti, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Vita ilipowaelemea Wajerumani mwaka 1916, waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi haikuzuia meli kuzama. Ilifanya kuzama kusiwe mwisho wa meli.

Akaunti isiyo na mamlaka ni grisi ya namna hiyo. Haizuii mtu kutoboa ukuta. Inaamua tu atakachokikuta upande wa pili: nyumba nzima, au chumba kimoja kitupu chenye mlango uliofungwa.

Sasa tuchague akaunti gani? Hapa ndipo wengi wanapokosea mara ya pili.

Kuna wanaosema, sawa, tuache root, tutumie akaunti iitwayo nobody. Kwa jina lake, huyo si mtu yeyote, hana mali, hana cheo. Inaonekana ni jibu zuri. Akaunti hii imezoeleka kwenye mfumo wa kushirikiana mafaili uitwao NFS, kumwakilisha mtu asiyetambulika. Tatizo ni kwamba kila mwenye programu asiyejua pa kuiweka aliona hapo ndipo pa kuitupa. Programu ya tovuti kwa nobody, ya uchapishaji kwa nobody, na sasa wageni wetu kwa nobody. Matokeo yake huyu "si mtu" anaishia kuwa mtu mkubwa. Programu mbili zikitembea kwa jina moja, kwa kawaida moja inaweza kuizima nyingine, na faili ambalo moja inaruhusiwa kulisoma, nyingine nayo inalisoma. Aliyeidukua tovuti yako kajikuta yuko sebule moja na wageni wako wote. Akaunti hiyo maana yake ilikuwa isimiliki faili lolote. Ukiifanya imiliki diski za kompyuta pepe, umeiharibia kazi.

Jibu sahihi ni la tatu: akaunti maalumu, iliyoundwa kwa kazi hiyo moja, isiyotumiwa na kitu kingine. Na habari njema ni kwamba waliotengeneza mifumo waliliona hili zamani. Fedora 12, iliyotoka Novemba 2009, ilianza kuwaendesha wageni wanaosimamiwa na programu ya libvirt kwa akaunti iitwayo qemu badala ya root. Debian na Ubuntu wao wana akaunti iitwayo libvirt-qemu. Huhitaji kuwa mtaalamu. Ukiiweka programu kama ilivyokuja, usipogusa kitu, tayari umechaguliwa vizuri.

Tena kuna hatua ya mbele zaidi. Wageni wote wakitumia akaunti moja ya qemu, atakayemtoboa mmoja bado anaweza kunyoosha mkono kwa jirani. Ndiyo maana Fedora 11, mwaka huo huo wa 2009, ilileta kitu kiitwacho sVirt: kila mgeni anapewa lebo yake, na mfumo unamzuia kugusa chenye lebo ya mwingine hata kama jina la akaunti ni lile lile. Ubuntu hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa AppArmor. Microsoft kwenye Hyper-V humwendesha kila mgeni kwa utambulisho wake peke yake. Amazon walipotoa Firecracker kwa umma mwaka 2018, waliitoa pamoja na programu ndogo ya kumfungia kila mgeni chumbani kwake kwa namba yake ya mtumiaji. Wote hao wamefika mahali pamoja: kila mgeni na ufunguo wake, na ufunguo huo ufungue chumba chake tu.

Basi kama mambo yamechaguliwa vizuri tangu kiwandani, mbona naandika?

Naandika kwa sababu tunayachagulia upya, vibaya, kwa mikono yetu wenyewe. Hadithi yake haibadiliki. Fundi anaweka mfumo. Anahifadhi diski ya mgeni kwenye folda yake mwenyewe, au kwenye diski ya nje aliyokuja nayo mfukoni. Anamwasha mgeni, mashine inamjibu kwamba hana ruhusa. Na ni kweli, akaunti ya qemu haina ruhusa kwenye folda ya fundi, na haipaswi kuwa nayo. Mteja kasimama nyuma yake, jua linazama, anaambiwa hela atapewa kazi ikiisha. Fundi anaingia mtandaoni, anakuta ushauri: fungua faili la /etc/libvirt/qemu.conf, pale penye mtumiaji andika root. Anaandika. Mgeni anawaka. Mteja anatabasamu, analipa. Na yale mazungumzo mazito ya mwaka 2009 yamefutwa kwa neno moja la herufi nne, na hakuna atakayelirudia faili hilo maisha yake yote.

Dawa ilikuwa ya dakika tano: hamishia diski ya mgeni kwenye /var/lib/libvirt/images, mahali palipoandaliwa kwa ajili yake, au ipe ile akaunti moja ruhusa kwenye ile folda moja. Basi. Ndugu yake ushauri huo ni ule unaosema zima SELinux kwanza halafu tuone. Ukiizima, na sVirt yako imekwenda nayo.

Mtego mwingine ni wa kimyakimya zaidi. Akaunti inayoendesha wageni inaweza kuwa nyonge, lakini programu inayotoa amri ya kuwaunda, libvirt yenyewe, kwenye seva kwa kawaida hufanya kazi kwa mamlaka makubwa. Kwa hiyo yeyote uliyemwingiza kwenye kundi la libvirt, lile linaloruhusiwa kuiamuru, umempa ufunguo malaya bila kumwambia. Anaweza kuunda mgeni mpya, akamwambia diski yake iwe ile diski halisi ya mwenyeji, kisha akasoma anachotaka. Docker nao ni vivyo hivyo, na nyaraka zao wenyewe zinaonya kwamba kundi la docker ni sawa na mamlaka ya root. Sasa hesabu ofisini kwenu: katibu muhtasi, mwanafunzi wa mazoezi kwa vitendo aliyeondoka mwaka juzi, fundi wa duka la Mwanga. Wangapi bado wako kwenye kundi hilo?

Najua jibu litakalokuja: bwana wewe, nani atahangaika kutushambulia sisi huku Ujiji? Ni swali la haki, lakini linadhani mshambuliaji anatazama ramani. Hatazami. Februari 2023 kulitokea shambulio lililoitwa ESXiArgs, dhidi ya seva za VMware zinazobeba wageni. Maelfu ya seva katika nchi mbalimbali zilifungiwa mafaili na wenyewe kudaiwa pesa. Kosa lililotajwa kutumika lilikuwa na tiba tangu Februari 2021, miaka miwili kabla. Kazi kama hiyo hufanywa na programu zinazogonga kila mlango wa mtandao moja baada ya nyingine, na anwani ya Kigoma ni namba kama namba nyingine. Somo lingine ni kwamba waliwafuata wenyeji, si wageni. Mwizi naye kajua kwamba mtumbwi mmoja unabeba vyote.

Na mzigo wetu una uzito wake. Mkoa huu umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi; kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Jina la mtu aliyekimbia, kijiji alichotoka, na mahali anapolala leo si taarifa ya kuchezea. Majibu ya vipimo vya mgonjwa si ya kuchezea. Jina la mtu aliyemnong'oneza mwandishi habari ya wizi wa fedha za umma, hilo nalisemea kwa uchungu wa kikazi, si la kuchezea. Paswedi ikivuja unaibadilisha. Mambo haya yakivuja hayabadilishiki.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshughulikia aliyeingia pasipo ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgeukia aliyezishika taarifa na kumtaka azilinde. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, kwa sababu ile ya kwanza inafika baada ya msiba. Ila sheria haiwezi kufungua qemu.conf na kusoma mstari wa mtumiaji. Lazima mtu aulize.

Na hapo ndipo nawatupia mpira ninyi wasomaji wangu, wengi wenu mkiwa maofisini na vyuoni. Fundi sitamlaumu peke yake, maana tumemlipa ili kitu kiwake, hatukumlipa ili kiwe salama. Bosi anayesaini hundi ndiye mwenye kosa la kwanza. Kabla ya kusaini, mwombe fundi aandike amri ya ps -ef, atafute mistari yenye neno qemu, akuonyeshe safu ya kwanza kushoto. Ukiona root, kazi haijaisha. Ukiona nobody, kazi haijaisha. Ukiona qemu au jina linaloanza na libvirt, uliza maswali mawili zaidi: SELinux au AppArmor inafanya kazi? Na kwenye kundi la libvirt yuko nani? Huhitaji shahada kuuliza maswali hayo, unahitaji kuvumilia kuonekana mbishi kwa dakika kumi.

Tunapowapangisha watu vyumba hapa mjini tunampa kila mpangaji ufunguo wake, na hakuna anayetuona wachawi wala waoga. Naomba tuwafanyie hivyo hivyo wageni wetu wa kwenye seva.

Naomba kutoa hoja.